Kuchagua ufunguzi wa chesi unaokufaa: anza na karatasi za michezo uliyoshindwa

Kijana mmoja wa Manyatta alinijia Jumamosi asubuhi, kabla hatujamaliza kukunjua mabao, akaniambia, "Kocha, mimi kuanzia leo nacheza Sisilia." Sisilia ni jina la ufunguzi mmoja, yaani mpangilio wa hatua za kwanza za mchezo. Nikamuuliza imekuwaje. Akajibu kwamba mabingwa wa dunia wa zamani, Fischer na Kasparov, waliicheza, na yeye anataka kucheza kama wao. Sikumkatalia. Nilimwomba tu aniletee karatasi za michezo yake ya miezi miwili, zile tunazoandikia hatua.

Tulipozipanga mezani tuliona jambo ambalo mwenyewe hakuwa amelitambua. Karibu michezo yote aliyoshinda ilikuwa ile ambayo malkia wote wawili walitoka mapema, akabaki na ngome, farasi na askari wachache, akamsonga mpinzani polepole mpaka akachoka. Aliyoshindwa ilikuwa ya vurugu: wafalme wako pande tofauti za ubao, kila mmoja anawahi kuua kabla hajauawa. Na vurugu hizo kwao ni Sisilia.

Hapa Kisumu nimewaona vijana na watu wazima wengi wakikosea palepale. Mtu huchagua ufunguzi kwa sababu ya jina lake, au video aliyotazama usiku, au kwa kuwa ndio uliomchapa wiki iliyopita. Huuchukua kama mtu anayenunua viatu vya mitumba Kibuye bila kuvijaribu mguuni. Mwongozo huu ni wa mchezaji anayezijua sheria, anayeona mitego midogo, na ambaye amechoka kufika hatua ya 12 bila kujua afanye nini.

Tukubaliane maneno kwanza. Wale wadogo wa mstari wa mbele nitawaita askari, ingawa vijana wengi husema poni. Kukaseli ni kule kumpeleka mfalme pembeni na kumleta ngome upande wake wa pili. Kila mraba una herufi ya safu yake, a hadi h, na namba ya mstari wake, 1 hadi 8, kuanzia upande wa Nyeupe. Nikiandika e4 e5, ya kwanza ni hatua ya Nyeupe, ya pili ni ya Nyeusi, na herufi peke yake ni askari. Wengine nitawataja: farasi f3, askofu c4.

1. Kusanya michezo 20, na usiuruke ule unaokuuma

Kwa wanaocheza kwenye simu kazi hii ni nyepesi. Lichess ni ya bure, haina matangazo, na huhifadhi kila mchezo wako. Chagua michezo ya dakika 10 au zaidi. Ile ya dakika 3 na dakika 1 iache kando, kwani pale mchezaji anafuata saa, hafuati mawazo yake. Kama unacheza mashindano ya ubaoni, tafuta karatasi zako, na tangu leo usizitupe tena. Zitoboe pembeni, zifunge kwa uzi, ziwe daftari.

Usiwashe injini, ile programu inayochambua hatua. Injini itakuonyesha hatua bora, na hilo tutalihitaji siku nyingine. Leo tunamtafuta mchezaji. Chukua kalamu, pitia mchezo mmoja mmoja, na pembeni uandike: mchezo uligeuka hatua ya ngapi, malkia walikuwa bado wapo au wametoka, katikati ya ubao palikuwa wazi au askari walikuwa wamekabana koo, na saa yako ilikuwa imebakiwa na dakika ngapi.

Kisha uongeze jambo moja ambalo injini haiwezi kukuambia hata kidogo. Katika kila mchezo tafuta hatua ambayo mkono wako uliiendea wenyewe, bila kuhesabu. Ulitaka kusogea karibu na mfalme wake? Ulitaka kubadilishana ili pawe patulivu? Au ulimrudisha farasi nyuma ili amlinde askari ambaye hakuna aliyemgusa? Hiyo ndiyo tabia yako ya kweli. Usiione haya. Ufunguzi mzuri ni ule unaokufikisha kwenye ubao ambao tabia hiyo inakuwa faida.

Ukikuta zaidi ya nusu ya michezo uliyoshindwa iligeuka kabla ya hatua ya 10, ishia hapa kwanza. Shida yako bado haijafika kwenye mtindo. Unamtoa malkia mapema, unamsogeza farasi yuleyule mara tatu, au mfalme bado yuko katikati hatua ya 12. Kwa mwezi mzima cheza hivi: askari katikati, farasi na maaskofu nje, kaseli, kisha ngome mbili zionane. Halafu rudi tuendelee.

2. Soma kilichoandikwa, hata kama hukukipenda

Kuna wachezaji ambao karatasi zao zimejaa askari waliotolewa kafara na wafalme waliofukuzwa hadi katikati ya ubao. Wakishinda, wanashinda kabla ya hatua ya 25. Wakikosa shambulio, wanakosa la kufanya. Hawa wanataka mishazari iliyo wazi na ngome zenye njia.

Kuna wajenzi. Wanapenda kila mmoja awe mahali pake, wanahamisha farasi hatua nne ili tu akae mraba mzuri, na hawaudhiki askari wakifungana. Hawa ukiwafungulia ubao mapema unawaharibia siku.

Na kuna wale ambao hungoja. Wanakuacha usukume, usukume, mpaka nyuma yako paachwe wazi, kisha wanaingia hapo. Karatasi zao zina michezo mingi waliyokuwa wamebanwa na bado wakashinda. Wengi wao hawajijui, na wanadhani walibahatika.

Niongeze kundi ambalo sijaona likizungumziwa, na hapa kwetu ni kubwa: waliotoka kwenye drafti. Kila steji ya boda kuanzia Kondele hadi Nyalenda ina ubao wa mbao na vizibo vya soda, na vijana wanaocheza pale wanahesabu kwa kasi inayonishangaza. Katika drafti kula ni lazima, kwa hiyo wamezoea kuona mnyororo mrefu: mimi nikitoa hiki, yeye lazima ale, kisha mimi nakula viwili. Wakija kwenye chesi, mnyororo huo wanao tayari, na funguzi za wazi zinawafaa kuliko wanavyofikiri. Wanachohitaji kukiacha ni ile hamu ya kusukuma askari wa pembeni mapema. Kwenye drafti pembeni pana usalama. Kwenye chesi askari wa a na h waliosukumwa hatua ya 3 wanakuibia muda wa kuwatoa farasi.

Sasa jambo la pili, ambalo wengi hulikwepa. Una saa ngapi kwa wiki? Mwendesha boda anayecheza saa nne usiku akiwa amechoka, na mwanafunzi wa Maseno mwenye jioni nzima, hawawezi kubeba ufunguzi mmoja hata kama tabia zao ni pacha. Zipo funguzi zinazokudai ukumbuke hatua 15 kwa usahihi la sivyo unakufa, na zipo zinazokusamehe ukisahau. Andika idadi ya saa zako juu ya karatasi, kwa ukweli.

3. Ukiwa Nyeupe: chagua mmoja tu

Ningeambiwa nimpe kila mchezaji wa kaunti hii ufunguzi mmoja bila kumwona, ningempa wa Kiitaliano: e4 e5, farasi f3 farasi c6, askofu c4. Ulikuwepo tangu enzi za Gioachino Greco wa karne ya 17, na wakuu wa leo bado wanaucheza. Ninaupenda kwa sababu ndani yake mna nyumba mbili, na unaweza kuhamia ya pili bila kubadili mtaa.

Nyumba ya kwanza ni ya mjenzi. Nyeusi akijibu askofu c5, unacheza c3, kisha d3, unakaseli, unamleta ngome e1, na farasi wa b1 anasafiri d2, f1, g3. Hakuna haraka. Askari wa katikati wanatazamana, hakuna anayekula, na unangoja wakati mzuri wa kusukuma d4. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Luanda, mama mtulivu anayepanga ubao wake kama meza ya wageni, anaucheza hivi, na wapinzani humwona hafanyi chochote mpaka hatua ya 20.

Nyumba ya pili ni ya mshambuliaji. Badala ya c3, unacheza b4 na kumtoa askari huyo bure. Gambiti ni kumtoa askari kafara mapema ili upate nafasi, na hii ni gambiti ya Evans, iliyobuniwa katika miaka ya 1820 na William Davies Evans, nahodha wa meli kutoka Wales. Nyeusi akila kwa askofu, unacheza c3, askofu analazimika kukimbia, na wewe umeshapata hatua ya bure ya kupeleka d4. Watu husema gambiti za zamani zimekufa. Mwaka 1995 mjini Riga, Kasparov alimchezea Anand ufunguzi huo na akashinda. Kwa kijana wa drafti sijui zawadi nzuri kuliko hii: askari mmoja anatoka, na ubao wote unafunguka kwa maaskofu wako.

Kama saa zako kwa wiki ni mbili au chini, chagua mfumo wa London. Unacheza d4, unamtoa askofu f4 kabla ya kusukuma e3 ili asifungiwe ndani, kisha c3, farasi f3, askofu d3, farasi wa pili d2, unakaseli. Mpinzani afanye atakalo, wewe unajua mahali pa kila mmoja. Baadaye farasi anapanda e5, askari wa f anamshikilia, na askofu wa d3 anatazama h7. Wapo wanaoudharau wakisema ni wa wavivu. Ding Liren aliutumia mwaka 2023 katika mchezo wa 6 wa kugombea ubingwa wa dunia dhidi ya Nepomniachtchi, akashinda. Ila kumbuka jambo moja: Nyeusi akicheza c5 na kumleta malkia b6 kumtishia askari wako wa b2, mlete wako b3 wakabiliane. Wanaoshindwa na London mara nyingi wanashindwa hapo.

Gambiti ya Malkia, yaani d4 d5, c4, ni ya mjenzi mwenye muda. Jina lisikutishe: si kafara ya kweli, maana Nyeusi akimla askari wa c4 unacheza e3 na askofu wako anamfuata. Capablanca na Alekhine walipogombea ubingwa Buenos Aires mwaka 1927, walicheza michezo 34, na 32 kati yake ilikuwa ya gambiti hiyo Nyeusi akikataa kula. Hivyo ndivyo ilivyo imara.

Gambiti ya Mfalme, e4 e5, f4, icheze kwa furaha kwenye simu. Mashindanoni, kabla hujazoea, mfalme wako mwenyewe atakuwa wa kwanza kukosa mahali pa kulala.

4. Ukiwa Nyeusi dhidi ya e4

Hapa ndipo uchaguzi unauma zaidi, kwa sababu wapinzani wengi utakaokutana nao wataanza na e4, na wewe ndiwe unayepokea.

Jibu la e5 ni la kila mtu aliye tayari kupigana katikati. Litakufundisha chesi yote. Lakini lina deni: lazima ujue kujilinda dhidi ya Kiitaliano, dhidi ya Kihispania (askofu b5 badala ya c4), na dhidi ya gambiti zote ambazo nimetoka kuzisifu hapo juu. Mfano mmoja unaowaua wengi: e4 e5, farasi f3 farasi c6, askofu c4 farasi f6, farasi g5. Anamtazama f7. Unajibu d5, analipa kwa kula d5. Usimle askari huyo kwa farasi wa f6, maana farasi wake ataingia f7, mfalme wako atavutwa hadi katikati, na kutoka pale ni kazi. Mpeleke farasi wa c6 kwenda a5, umkimbize askofu. Utabaki umepungukiwa askari mmoja, lakini wako wote watatoka nje kabla ya wake.

Caro-Kann, e4 c6, d4 d5, niliyompa yule kijana wa Manyatta, inabeba majina ya Horatio Caro na Marcus Kann walioichambua miaka ya 1880. Siri yake ni askofu mmoja. Nyeusi anapigania d5 kwa askari wa c, kwa hiyo mlango wa askofu wa c8 unabaki wazi. Nyeupe akicheza farasi c3, unakula e4, farasi anakula, kisha askofu wako anatoka f5 moja kwa moja. Anafukuzwa na farasi g3, anarudi g6. Nyeupe akicheza h4 kumwinda, unamtengenezea njia kwa h6. Baada ya hapo unacheza e6, na nyumba yako imekamilika bila mtu aliyebaki gizani. Ubao unakuwa mkavu, malkia hutoka mapema, na mwenye subira anapata anachokitaka. Anatoly Karpov, aliyesifika kwa kumbana mtu bila kelele, aliutumia kwa miaka mingi.

Ulinzi wa Kifaransa, e4 e6, d4 d5, unafanana na huo kwa mbali, na watu huuchanganya. Tofauti ni kwamba askari wa e6 amemfungia askofu wa c8 ndani, na atakaa humo muda mrefu. Malipo yake ni nini? Nyeupe akisukuma e5, mnyororo wa askari wake una mguu d4, na wewe unaupiga mguu huo: c5, farasi c6, malkia b6. Kila mmoja anatazama d4. Hili ni la yule anayengoja, anayevumilia kubanwa kwa sababu anajua atakapopigia. Ukiwa mtu wa kuhangaika chumba kikiwa kidogo, usiuguse.

Na Sisilia? e4 c5. Wazo lake ni zuri sana: Nyeupe anapofungua kwa d4, unamtoa askari wa pembeni, c, kwa wake wa katikati, d. Unabaki na askari wawili wa katikati dhidi ya mmoja, na ngome yako ina njia ya c. Ukifika mwisho wa mchezo ukiwa hai, mara nyingi uko vizuri. Tatizo ni hilo neno hai. Katika Najdorf na Joka, matawi mawili ya Sisilia, Nyeupe mara nyingi anakaseli upande wa malkia, anasukuma g na h, na kosa la hatua moja linamaliza mambo. Tena si lazima akupe Sisilia uliyoisoma. Atacheza c3 mapema, au askofu b5, au atakutolea askari wa d kafara, na kila njia inadai usiku wake. Kama una saa sita kwa wiki na karatasi zako zimejaa michezo ya vurugu uliyoshinda, icheze, itakupa furaha kubwa. La sivyo iache mwaka mmoja.

Skandinavia nitaigusa tu: e4 d5, Nyeupe anakula d5, unakula kwa malkia, anafukuzwa na farasi c3, anakwenda a5. Unajifunza jioni moja. Inatosha kwa anayeanza, na hakuna ubaya.

Kuna siku utachagua kwa ajili ya yule aliyekaa mbele yako. Mwaka 2000 mjini London, Kramnik alikutana na Kasparov, bingwa aliyekuwa anatetea taji lake la dunia na mshambuliaji aliyeogopwa na kila mtu. Akamchezea ulinzi wa Berlin ndani ya Kihispania, ambao malkia hutoka ubaoni hatua ya 8. Kasparov alikaa michezo 15 bila kushinda hata mmoja, na taji likaenda. Kramnik hakumwacha apigane mahali anapopapenda. Kwa hiyo ukijua mpinzani wa mzunguko ujao anaishi kwa malkia, mtoe malkia.

5. Ukiwa Nyeusi dhidi ya d4: tafuta ndugu wa ulichonacho

Sehemu hii ni fupi kwa sababu uamuzi umeshaufanya. Ukicheza Caro-Kann, cheza Slav: d4 d5, c4 c6. Askari ni walewale c6 na d5, askofu ni yuleyule anayetafuta mlango. Ukicheza Kifaransa, jibu d5 na e6. Umbo ni ndugu, na macho yako yameshazoea askofu aliyefungiwa.

Mwenye moyo wa kushambulia achukue ule utakaouona kwenye simu kwa jina King's Indian: d4 farasi f6, c4 g6, farasi c3 askofu g7, e4 d6. Unamwachia Nyeupe katikati yote, unakaseli, kisha unapiga e5. Akisukuma d5, ubao unagawanyika vipande viwili. Yeye anakuja upande wa malkia kwa c5, wewe unakwenda upande wa mfalme kwa f5, f4, g5. Ni mbio. Tofauti ni kwamba mwisho wa njia yake kuna askari, na mwisho wa njia yako kuna mfalme. Ila ukichelewa hatua mbili, upande wako wa malkia umekwisha kuliwa wote.

Dhidi ya London, ambao utaupata sana kwenye mashindano ya wikendi, usiuache ujijenge kwa starehe. Cheza c5 mapema na malkia b6, umuulize swali lile nililolitaja juu.

6. Karatasi moja, si daftari

Sasa una vitu vitatu: Nyeupe mmoja, jibu la e4, jibu la d4. Kwa kila kimoja tumia upande mmoja wa karatasi, usiongeze. Katikati chora ubao wenye askari tu, bila wengine, jinsi wanavyokaa hatua ya 10. Mchoro huu unazidi orodha yoyote ya hatua. Ukisahau hatua ya 7 ukiwa mezani, umbo la askari litakukumbusha farasi alikuwa anaelekea wapi na ni askari gani wa kusukumwa. Chini ya mchoro andika askari huyo wa kusukumwa, mabadilishano unayoyataka na usiyoyataka, na mitego miwili inayokuua wewe. Ile unayoweza kumwekea mwenzako ije baadaye.

Kisha tafuta michezo mitatu ya bingwa mmoja aliyeupenda ufunguzi huo. Karpov kwa Caro-Kann, Capablanca kwa Gambiti ya Malkia, Fischer au Kasparov kwa Sisilia na King's Indian. Icheze yote kwa mkono kwenye ubao wa kweli, polepole, hadi mwisho kabisa. Wengi husimama hatua ya 15 kwa kuwa ufunguzi umekwisha, na hapo ndipo tabia ya ufunguzi huanza kuonekana.

Njia moja iliyotusaidia sana ni kucheza kwa ujumbe. Mwenzangu aliyeko Nakuru ana vijana wake, mimi nina wangu, na kwa WhatsApp tunatumiana hatua moja kwa siku, kundi kwa kundi. Ukipewa siku nzima kufikiria hatua ya 6 ya Slav, huisahau tena. Kazi hii ni ya zamani: Edinburgh na London walichezeana kwa barua kuanzia 1824 hadi 1828, na ndiko lilikotoka jina la ufunguzi wa Kiskoti. Bando la ujumbe ni rahisi kuliko la video, na faida yake ni kubwa zaidi.

7. Michezo 30 kabla ya kubadili

Ufunguzi mpya utakuangusha wiki mbili za kwanza, hata kama umekufaa. Mkono bado unatafuta njia ya zamani. Kwa hiyo weka ahadi ya michezo 30, ya dakika 10 au zaidi, na baada ya kila mmoja fungua Lichess utazame ni hatua gani ulitoka kwenye ulichosoma. Tazama hiyo moja tu, iandike kwenye karatasi yako, uendelee. Sasa injini inaruhusiwa.

Ikifika 30, rudia lile zoezi la mwanzo: hatua ya ngapi mchezo uligeuka, malkia, katikati, saa. Usihesabu ushindi peke yake. Kama unashindwa lakini kwenye ubao unaoupenda, baki. Kama unashinda huku kila mara umebanwa na umebakiwa na dakika moja, badili, maana ushindi huo wakubwa watakunyang'anya. Na ukibadili, badili kimoja kati ya vitatu. Ukivitupa vyote kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa kibaya.

Ukienda mashindano ya mbali, tuseme unatoka Kisumu kwenda Nakuru kupitia Kericho, zichukue karatasi zako tatu ndani ya matatu na uache simu mfukoni. Usijifunze kitu kipya njiani. Usiku wa kuamkia mzunguko wa kwanza watu hutumiana mitego ya kila aina, na asubuhi nimewaona wakiijaribu na kusahau hatua ya tatu.

Yule kijana wa Manyatta alikwenda na Caro-Kann yake mashindanoni baada ya wiki tano. Mchezo wa kwanza akiwa Nyeusi alishindwa, akaja kwangu na uso umemshuka, ameikunja karatasi mara nne. Nikaikunjua tukaisoma. Askofu alitoka f5 vizuri, malkia walitoka hatua ya 18, dakika zilikuwa nyingi kwa wote wawili. Mchezo uligeuka hatua ya 41, ngome kwa ngome, alipomweka mfalme wake nyuma ya askari badala ya mbele yake. "Kwa hiyo Kocha, ufunguzi niubadili?" Nikamwambia hapana, Jumamosi njoo na ngome mbili, wafalme wawili na askari mmoja, tuanzie hapo.